Ridhaa Waliyoidai Waigizaji, na Ambayo Wapiga Kura Bado Hawana

Tarehe 14 Julai 2023 waigizaji wa Marekani walio chini ya chama cha SAG-AFTRA, ambacho kina wanachama wapatao 160,000, waliacha kazi. Waandishi wa miswada ya filamu walikuwa wamewatangulia tangu tarehe 2 Mei, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1960 kwa makundi hayo mawili kugoma kwa wakati mmoja. Watazamaji wengi waliuona mgomo ule kuwa ugomvi wa watu wenye fedha wakigombania fedha zaidi. Mimi naamini kwamba hakuna tukio katika ulimwengu wa filamu wa muongo huu lililokuwa na uzito wa kisiasa kuliko hilo, kwa sababu waigizaji walikuwa wa kwanza kuuliza kwa sauti moja swali ambalo sasa linamhusu kila mwenye uso na sauti: ikiwa mashine inaweza kuunda upya sura yangu na maneno yangu, ni nani anayestahili kuamua itumike kwa kazi gani?

Kilichowakera watu zaidi wakati wa mazungumzo yale kilihusu waigizaji wa ziada, yaani wale wanaopita nyuma ya wahusika wakuu na ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Chama kilieleza kwamba studio zilitaka kuinakili miili yao kwa mashine, kuwalipa ujira wa siku moja, kisha kubaki na nakala hizo za kidijitali milele. Studio zilikanusha, zikasema kwamba nakala hizo zingetumika tu katika filamu ambayo mtu ameajiriwa. Vyovyote ilivyokuwa, madai hayo yalimfanya hata mtu asiyejua lolote kuhusu akili mnemba aelewe mara moja kilichokuwa kinapiganiwa. Mkataba uliopatikana baada ya siku 118, ambao wanachama waliuidhinisha mwezi Desemba kwa zaidi ya asilimia 78 ya kura, unamtaka mtayarishaji apate ridhaa ya mwigizaji kabla ya kutumia nakala yake ya kidijitali, amweleze kwa ufafanuzi wa kutosha nakala hiyo itafanya nini, na amlipe. Wapo wanachama walioupinga kwa hoja kwamba una mianya mingi, hasa kuhusu wahusika wanaoundwa na kompyuta bila kumnakili mtu mmoja mahususi, na nadhani walikuwa na haki ya kuhofia. Hata hivyo, kanuni iliyowekwa ni kanuni njema: mtu aulizwe kwanza, aambiwe anakubali nini, na aweze kukataa.

Sisemi haya kwa sababu nachukia ujanja wa sinema. Sinema imekuwa sanaa ya kudanganya macho tangu mwanzo wake, na wanaoipenda, nikiwa mmoja wao, wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mwongozaji wa Kirusi Lev Kuleshov alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukiunganishwa na picha ya sahani ya supu, au jeneza, au mwanamke, humfanya mtazamaji aone njaa, huzuni au tamaa mahali ambapo hapakuwa na chochote kilichobadilika. Mwaka 1994, katika filamu ya Forrest Gump, Tom Hanks alionekana akipeana mkono na Rais John F. Kennedy, aliyeuawa mwaka 1963, na hakuna aliyetoka ukumbini akidhani kwamba ameona kumbukumbu ya kihistoria. Mtazamaji aliingia akijua kwamba anaingia katika hadithi. Makubaliano hayo yasiyoandikwa kati ya anayeonyesha na anayetazama ndiyo yanayoifanya hila ya filamu kuwa sanaa.

Mwaka 2016 jambo lilibadilika kidogo, ingawa wakati ule wengi walilichukulia kuwa maajabu ya kiufundi tu. Filamu ya Rogue One ilimrudisha Peter Cushing, mwigizaji wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1994, katika nafasi yenye maneno ya kusema na maamuzi ya kufanya. Mwigizaji mwingine aliutoa mwili na sauti, na kompyuta ikamvika uso wa marehemu, kwa idhini ya wasimamizi wa mirathi yake. Kisheria, kazi ile ilifuata utaratibu. Kisanaa, naona kuna kitu kilikosekana, nacho ni kile kinachotufanya tumkumbuke mwigizaji mzuri: uamuzi wake mwenyewe, namna anavyochagua kunyamaza kabla ya kujibu, au kuyaacha macho yazungumze pale ambapo mwandishi ameandika maneno. Uso wa Cushing ulikuwepo, lakini Cushing hakuamua lolote. Ndiyo sababu sikushangazwa na ghadhabu iliyozuka Septemba 2025, pale Tilly Norwood, «mwigizaji» aliyeundwa na kompyuta kuanzia nywele hadi tabasamu, alipotangazwa kuwa yuko tayari kutafutiwa kazi, na SAG-AFTRA ikajibu kwamba huyo si mwigizaji hata kidogo. Nakubaliana nao kabisa. Kwa maelezo ya chama hicho, mhusika yule alitokana na mafunzo ya mashine iliyolishwa kazi za watu wengi wasiojulikana idadi yao, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Teknolojia yenyewe haina fumbo kubwa kama inavyosimuliwa. Mwaka 2014 mtafiti Ian Goodfellow na wenzake walichapisha wazo la kuziweka mashine mbili zishindane: moja inatengeneza picha ya uongo, nyingine inajaribu kuitambua, na kila ya pili inapofaulu, ya kwanza inajirekebisha, hadi picha zinafikia hali ya kutotambulika. Mbinu za sasa zimepita hapo, nyingi zikianza na picha ya vumbi tupu na kuisafisha hatua kwa hatua mpaka itokee sura iliyoagizwa. Kwa upande wa sauti, mwezi Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo uliohitaji sampuli ya sekunde 3 tu ili kuiga sauti ya mtu. Mwanasiasa yeyote, hata diwani, ana sekunde nyingi kuliko hizo zilizohifadhiwa hadharani. Mwalimu anazo, mhubiri anazo, na kijana anayejirekodi akicheka na rafiki zake anazo pia. Kwa hiyo ulinzi ambao zamani ulitokana na ugumu wa kazi na gharama zake umeondoka, na kilichobaki ni sheria na maadili, ambayo huja kwa mwendo wa pole sana.

Sasa nigeukie siasa, kwa kuwa huko ndiko ukosefu wa ridhaa unakoniuma zaidi. Siku mbili hivi kabla ya uchaguzi wa Slovakia wa tarehe 30 Septemba 2023, ilisambazwa sauti iliyodaiwa kuwa ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama cha Progressive Slovakia, akipanga na mwandishi wa habari namna ya kuiba kura. Ilikuwa ya kughushi. Aliyeisambaza alichagua wakati wake kwa uangalifu, maana sheria ya nchi hiyo huzuia kampeni katika saa 48 za mwisho, na mtu aliyesingiziwa anabaki na nafasi finyu ya kujitetea mbele ya umma. Chama cha mpinzani wake, Robert Fico, kilishinda. Sidai kwamba sauti ile ndiyo iliyoamua matokeo, kwani uchaguzi huamuliwa na mambo mengi, na wanaopenda kueleza kila matokeo kwa kisa kimoja wanawadharau wapiga kura. Ninachosema ni kwamba Šimečka alinyang'anywa kinywa chake katika siku ambayo alikihitaji kuliko siku zote.

Januari 2024 wakazi wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani walipigiwa simu wakasikia sauti iliyofanana na ya Rais Joe Biden ikiwashauri wasijitokeze katika uchaguzi wa mchujo wa tarehe 23, bali waitunze kura yao hadi Novemba. Hapa mamlaka zilichukua hatua upesi kuliko kawaida yake. Tarehe 8 Februari tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitamka kwamba sauti zilizoundwa na akili mnemba zinahesabika kuwa sauti bandia chini ya sheria ya simu ya mwaka 1991, na mshauri wa kisiasa aliyepanga simu zile akatozwa faini ya dola milioni 6. Napenda mfano huu kwa sababu haukusubiri sheria mpya yenye jina la kuvutia. Waliichukua sheria ya zaidi ya miaka 30 na kuuliza iwapo maneno yake yanatosha.

Visa vya kughushi adui vinaeleweka kirahisi, na karibu kila mtu huvilaani. Vinavyonisumbua zaidi ni vile vinavyofanywa kwa upendo, au kwa kisingizio cha upendo. Katika kampeni za Indonesia za mwaka 2024, mwanasiasa wa chama cha Golkar alisambaza video ya Suharto, mtawala wa kijeshi aliyeiongoza nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 30 na kufariki mwaka 2008, akiwahimiza wananchi kuwachagua wagombea wa chama hicho. Mwezi Januari mwaka huo huo, huko Tamil Nadu nchini India, M. Karunanidhi, kiongozi wa zamani wa jimbo hilo aliyefariki mwaka 2018, alionekana katika video akiusifu uongozi wa mwanawe, M. K. Stalin, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo hilo. Hakuna aliyedanganywa kwamba wazee hao wamefufuka, na watetezi wa video hizo husema kwamba basi hakuna ubaya. Mimi naona ubaya upo, na haupo katika kumdanganya mtazamaji tu. Mtu aliyekufa hawezi kubadili mawazo, hawezi kuwaonya watoto wake, hawezi kukikana chama kilichoasi alichokiamini. Kumtia maneno mdomoni ni kumnyima haki ya mwisho iliyombakia, nayo ni haki ya kunyamaza. Kwa Suharto kuna zaidi, maana wapo watu walio hai ambao ndugu zao walipotea au kufungwa chini ya utawala wake, na sasa wanalazimika kumsikia akitabasamu na kutoa nasaha katika simu zao za mkononi.

Linganisha na kilichotokea Pakistan. Desemba 2023 Imran Khan, waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo, akiwa gerezani na akiwa amezuiwa kuhutubia mikutano, aliandika hoja zake na kuzipitisha kwa mawakili, na chama chake kikazigeuza kuwa hotuba kwa sauti iliyoigwa na mashine, kikieleza wazi kwamba ni sauti ya akili mnemba. Unaweza kumpenda Khan au kumchukia, na siasa zake zina mengi ya kubishaniwa, lakini hapo sioni kosa la kimaadili katika matumizi ya mashine. Mwenye sauti alitaka, maneno yalikuwa yake, na wasikilizaji waliambiwa. Teknolojia ni ileile iliyotumika Slovakia na New Hampshire. Ndiyo maana sina imani na wanaotaka kupiga marufuku chombo chenyewe, kama nisivyo na imani na wanaosema kwamba chombo hakina hatia kwa hiyo tusifanye lolote. Kinachotofautisha visa hivi ni masharti yaleyale matatu ambayo waigizaji waliyapata kwa kukaa bila mishahara kwa karibu miezi minne.

Kuna sehemu moja ya jambo hili ambayo wachambuzi wa siasa huipita haraka, na naona aibu kwa niaba yao. Ripoti ya kampuni ya Deeptrace ya mwaka 2019 iligundua kwamba asilimia 96 ya video za kughushiwa kwa mashine zilizokuwa mtandaoni zilikuwa za ngono, na waliodhalilishwa walikuwa wanawake. Tulipokuwa tukihofia hotuba bandia za marais, wanawake walikuwa tayari wamekwisha kuumizwa kwa miaka. Mwanamke anayefikiria kugombea ubunge leo anajua kwamba picha zake za kawaida zinatosha kumtengenezea aibu ambayo haikutokea, na kwamba kukanusha kwake kutawafanya watu wengi zaidi waitafute video hiyo. Wangapi wameamua kutogombea kwa sababu hiyo hatutajua kamwe, kwa kuwa fomu ambayo haikuchukuliwa haihesabiwi na tume yoyote. Marekani ilipitisha sheria iliyotiwa saini Mei 2025, inayoyataka majukwaa ya mtandaoni kuondoa picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa, zikiwemo zilizoundwa na mashine, ndani ya saa 48 baada ya mhusika kulalamika. Saa 48 ni muda mrefu sana kwa mtu anayeangaliwa na kijiji kizima cha mtandaoni, lakini ni bora kuliko miaka ya kupuuzwa.

Ridhaa, hata hivyo, haitibu kila ugonjwa, na lipo tatizo moja ambalo linakwenda kinyume na hayo yote niliyoyasema. Watu wanapozoea wazo kwamba chochote kinaweza kughushiwa, mwenye hatia anapata kinga mpya: anaweza kuikana picha ya kweli. Agosti 2024 Donald Trump alidai kwamba umati uliompokea Kamala Harris katika uwanja wa ndege wa Detroit ulitengenezwa na akili mnemba. Dai hilo liliporomoka ndani ya saa chache, kwa sababu maelfu ya watu walikuwepo, waandishi wa habari wa vyombo vinavyoshindana walikuwepo, na picha zilipigwa kutoka kila upande.

Gabon ilikuwa na hali tofauti kabisa. Rais Ali Bongo aliugua kiharusi akiwa Saudi Arabia mwezi Oktoba 2018, na kwa wiki nyingi wananchi hawakuambiwa ukweli kamili kuhusu afya yake. Hotuba yake ya mwaka mpya ilipotolewa kwa video, akionekana amekakamaa isivyo kawaida na macho yake yakiwa na mkazo wa ajabu, wapinzani wake walisema ni ya kughushi, na tarehe 7 Januari 2019 kundi la wanajeshi likajaribu kuipindua serikali, likiitaja hotuba ile miongoni mwa sababu za mashaka yao. Hakuna ushahidi uliowahi kuthibitisha kwamba video ilighushiwa, na dalili za kiharusi zinatosha kueleza yale yaliyoonekana. Bongo alikuwa hai na akaendelea kutawala hadi Agosti 2023. Nikiviweka visa hivi viwili pamoja, naona kwamba uvumi wa kughushi hunawiri palipo na chanzo kimoja tu cha habari, na chanzo hicho kikawa na mazoea ya kuficha. Hakuna programu ya kutambua video bandia ambayo ingeiokoa ikulu ya Libreville katika wiki ile. Taarifa ya daktari iliyosomwa mapema, mbele ya waandishi wenye uhuru wa kuuliza maswali, ingeweza.

Kwa sababu hiyo sina matumaini makubwa sana na alama za kiufundi, ingawa naziunga mkono. Tangu mwaka 2021 muungano wa C2PA, wenye kampuni kama Adobe na Microsoft pamoja na shirika la BBC, umekuwa ukijenga utaratibu wa kuambatanisha na picha taarifa za mahali ilikotoka na jinsi ilivyohaririwa. Ni kazi ya maana. Lakini mtu akiipiga picha skrini ya simu yake na kuisambaza upya, taarifa hizo hupotea, na hivyo ndivyo picha nyingi zinavyosafiri. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inataka video za namna hii zitambulishwe kuwa zimeundwa na mashine. Nayo ni hatua njema, ila inamlinda mtazamaji peke yake. Video ya Suharto ingeweza kubeba alama kubwa nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho na bado ingekuwa dhuluma kwa wale niliowataja.

Iliyonivutia zaidi ni njia ya Denmark, ambako mwaka 2025 serikali ilipendekeza kuirekebisha sheria ya hakimiliki ili kila mtu, awe nyota wa filamu au muuza duka, awe na haki juu ya mwili wake, uso wake na sauti yake dhidi ya nakala za kidijitali. California ilikwishapiga hatua kama hiyo kwa waigizaji mwezi Septemba 2024, pamoja na kuwalinda waliofariki kwa kuwataka watayarishaji waombe idhini ya warithi. Tatizo la California ni kwamba sheria yake dhidi ya video bandia za uchaguzi ilisimamishwa na jaji mwezi uliofuata kwa kuhofia kwamba ilibana dhihaka na uhuru wa maoni, na naamini jaji alikuwa na hoja nzito. Wachora katuni, waigaji sauti na wachekeshaji hawajawahi kumwomba ruhusa mtawala kabla ya kumcheka, na siku watakapolazimika kufanya hivyo tutakuwa tumepoteza kitu kikubwa kuliko tulichokilinda. Mstari ninaoutaka ni mwembamba, lakini unaonekana: anayemwiga rais jukwaani anataka tujue kwamba si rais anayezungumza, na aliyepiga simu New Hampshire alitaka tusijue.

Kwa chama kinachotaka kumtumia marehemu katika kampeni, ningeweka sharti kali zaidi. Kama mzee hakuacha maandishi, akiwa na akili timamu, yanayoruhusu sura yake itumike baada ya kifo na kwa madhumuni gani, jibu liwe ni hapana, hata kama anayeomba ni mwanawe. Warithi wanaweza kurithi nyumba na haki za vitabu. Sioni ni kwa msingi gani wanarithi kura ambayo baba yao hakuipiga kwa mgombea ambaye hakuwahi kumsikia. Waigizaji wa michezo ya kompyuta nao waligoma kuanzia Julai 2024 hadi katikati ya mwaka 2025, karibu mwaka mzima, ili wapate ulinzi wa ridhaa ambao wenzao wa filamu walikuwa wameupata. Wapiga kura hawana chama cha kuwaitishia mgomo, kwa hiyo madai haya yatapaswa kupelekwa kwa wabunge, na yapelekwe kabla ya kampeni kuanza, wakati ambapo hakuna mgombea anayejua bado kama yeye ndiye atakayenufaika na uongo au ndiye atakayesingiziwa.